Roho za moto na maji zinazoishi saa chache tu zinakula nini? Mezani kwetu tumegombana

#1 Dadu_ya_Bwiru
Mwangaluka wakuu. Naomba msaada kabla ya Jumamosi, meza yetu imewaka moto na lawama zote zimeniangukia mimi.

Kwa wasiotujua: tuko watano, tunakutana Bwiru kila Jumamosi jioni kucheza mchezo wa kuigiza wahusika. Mimi ndiye msimulizi, kila mwenzangu ana mhusika wake, jambo likiwa na utata tunarusha dadu. Kanuni tumeziandika wenyewe kwenye kauntabuku, nyingine tumezidokoa kwenye michezo ya huko nje. Hadithi inatokea Mwanza hii hii, ila ndani yake wapo watu waliosomea elimu ya siri, wanaoweza kuita roho za moto, maji, upepo na udongo.

Kanuni yetu inasema roho ndogo ikiitwa inakuja na pumzi 12. Kila saa inatoka pumzi moja. Zikiisha, imekwenda. Hatukuwaza sana, tulitaka tu watu wasijaze roho uani kama kuku wa mayai.

Jumamosi iliyopita mchezaji mmoja, dada mbishi kweli kweli, akaita roho ya moto kutoka kwenye tanuri la kubanika sangara kule Igombe. Hakuituma kazi yoyote. Aliihamishia kwenye jiko la mkaa, akawa anazunguka nalo mjini na kuliongezea mkaa. Zilipobaki pumzi 3 nikamwambia roho inafifia. Akaniuliza, "Inafifiaje na mkaa umejaa?"

Nikakosa jibu. Wenzake wakamuunga mkono, mchezo ukafia hapo saa nne usiku. Nikimkubalia, mtu mwenye gunia la mkaa ana jeshi lisilokufa. Nikimkatalia, lazima nijue kwa nini. Hizi roho zinaishi kwa nini hasa? Zinakula? Kama zinakula, mbona zinakufa?

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimeshakaa. Wajuzi waje.

#3 Bin_Mvuvi
Roho imeitwa kutoka tanuri la sangara. Hata ikifa hiyo, harufu itabaki wiki mbili.

#4 Mtumishi_Nyegezi
Vijana, mambo ya kuita roho si ya kuchezea. Yanaanza na dadu, yanaishia kwingine. Nimesema.

#5 Dadu_ya_Bwiru
Mtumishi #4, hakuna kinachoitwa. Ni kalamu, karatasi na karanga. Ila nimekusikia.

#6 Pande20
Mkuu, nimecheza hii michezo miaka kadhaa, na mingi inalikwepa hilo swali lako. Dungeons & Dragons toleo la 2014: kumwita kiumbe wa asili lazima uwe na moto, maji, hewa au udongo wa kutosha pale ulipo, halafu anakaa muda usiozidi saa moja. Chakula hakitajwi. Saa imeisha, kaondoka.

Shadowrun ya mwanzo, ile ya 1989, ina roho za mazingira ambazo hazivuki machweo wala mapambazuko. Umeita saa kumi na mbili jioni hapa Mwanza? Umepata dakika arobaini hivi, pole sana.

Halafu kuna Nephilim, mchezo wa Kimarekani, huko roho za asili hazikai zenyewe, zinaingia mwilini mwa mtu. Mwili ukifa, roho inarudi kulala ndani ya kitu fulani, karne na karne, mpaka ipate mwili mwingine. Kwa hiyo huyo dada yako angeambiwa tu: jiko si mwili.

#7 Chumba_cha_Vitabu
Pande20 #6, Nephilim ni ya Wafaransa. Multisim waliitoa 1992, Chaosium ndio waliokuja kuitoa kwa Kiingereza 1994. Na asili zao ni tano, wameongeza mwezi. Kumbuka hilo la mwezi, litatufaa.

#8 Pande20
Nimenyooshwa. Asante mkuu.

#9 Ticha_wa_Sayansi
Huyo dada yuko sahihi nusu. Kosa lenu ni kuuhesabu moto kama kitu. Moto si kitu, ni jambo linalotendeka. Tazama utambi wa kibatari: ule mwali unaouona sasa hivi si ule wa sekunde iliyopita. Mafuta yamepanda, yameungua, yameondoka, mengine yamepanda. Kilichobaki ni umbo tu. Ni kama foleni ya daladala pale Buzuruga, kila siku ipo, lakini magari si yale yale.

Sasa moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Dada kaleta kimoja tu. Jiko alilobeba limejaa majivu chini, hewa haipiti. Roho haifi kwa njaa, inafia kwenye majivu yake yenyewe. Ningekuwa msimulizi ningemwuliza: ulipakua majivu saa ngapi?

#10 Dada_Mkaa
Nilipakua. I mean, angepakua. Mtu yeyote mwenye akili angepakua.

#11 Bin_Mvuvi
😂😂😂 Dadu njoo, mteja wako kajileta mwenyewe.

#12 Dadu_ya_Bwiru
Dada_Mkaa, akaunti imefunguliwa leo, ujumbe wa kwanza ni huu. Karibu sana.

#13 Dada_Mkaa
Haya ni mimi. Na kwa kuwa nimeshajulikana, nitasema yote.

Bibi yangu Ukerewe hakuwa ananunua kiberiti. Usiku akimaliza kupika alichagua makaa mawili matatu makubwa, akayafukia kwenye majivu, akafunika na kigae cha chungu. Alfajiri anafunua, anayapuliza taratibu huku kafumba jicho moja, yanafunguka mekundu kama macho ya paka. Anaweka majani makavu, moto huo. Nilikaa naye likizo zote za shule ya msingi na sikumbuki siku moto ulipowashwa upya. Siku ukizimika alimtuma mtu kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto.

Kwa hiyo Ticha #9, majivu si kaburi. Majivu ni blanketi. Na moto wa jirani ulipoletwa, ulikuwa moto wa nani? Mimi nasema roho yangu haijafa na haitakufa, na Jumamosi nakuja na kigae.

#14 Ticha_wa_Sayansi
Binti, umenishika kidogo. Ni kweli majivu yanapunguza hewa, kaa linaungua polepole badala ya kuisha. Lakini ona umefanya nini: umeipunguzia roho uhai ili idumu. Ndani ya majivu haiwaki, haifanyi kazi, haikusikii. Kama Dadu ana akili atakwambia ndani ya majivu pumzi hazitoki, ila pia huwezi kuiamuru kitu.

#15 Dadu_ya_Bwiru
Ticha nakiri hiyo naiandika.

#16 Mama_Dagaa
Nyie wote mnaanza na swali la inakula nini. Mimi nauliza, nani kasema inakula?

Tuko ziwani hapa. Wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi mnawajua wote. Ukiwa Kayenze asubuhi unaona nguzo nyeusi imesimama katikati ya ziwa, mgeni anadhani meli inaungua. Upepo ukiwaleta nchi kavu hupumui, wanaingia kwenye chai, wanaingia puani, ukiacha taa inawaka asubuhi unawazoa na beleshi. Na siku mbili tatu wamekwisha wote, wamelala chini kama pumba.

Sasa wale hawaishi kwa kula. Kula kote walimaliza wakiwa chini ya maji, wakiwa funza. Wakipata mabawa ni kupanda, kukutana dume na jike, kutaga, kufa. Tumbo walilotoka nalo ndilo hilo hilo.

Roho ya Dada_Mkaa ni hivyo. Ilishakula ilipokuwa tanurini. Ulipoiita ukaipa mabawa. Mkaa wako ni sawa na kumpikia mdudu yule ugali.

#17 Kiti_cha_Mbele
Mama kashusha nondo. Kumpikia mdudu ugali 😂

#18 Mgeni_Njiani
Hao ni mbu tu jamani. Wanauma na wanaeneza malaria. Na wanatoka mwezi ukiwa mpevu, wanafuata mwanga.

#19 Mama_Dagaa
Mwanangu, umekosea yote matatu kwa mstari mmoja. Hawaumi. Malaria hawaenezi. Na wanatoka kwa wingi mwezi ukiwa mchanga, giza likiwa limetanda. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa, giza ndilo soko letu, mbalamwezi tunapumzika, nyavu zinashonwa.

#20 Ticha_wa_Sayansi
Mama yuko sahihi. Namtetea Mgeni kwa kimoja: wengi wa wale ni ukoo wa karibu na mbu, jenasi inaitwa Chaoborus. Funza wao wana mwili unaopenya mwanga kama kioo, mchana wanajificha kwenye tope la chini wakiogopa samaki, usiku wanapanda kula vijidudu vya majini. Wana vifuko vya hewa vya kuwasaidia kuelea. Katika mawingu yale kuna jamaa wengine pia, na yupo mmoja wa kundi jingine kabisa ambaye akishakuwa na mabawa hana hata mdomo wa kulia. Kundi lake wanasayansi wamelipa jina kutokana na neno la Kigiriki la kitu cha siku moja.

#21 Chumba_cha_Vitabu
Ndiyo maana nilisema mwezi utatufaa. Roho ikiitwa usiku wa giza ije na pumzi nyingi, ikiitwa mbalamwezi ije na chache. Hapo hata Nephilim watatusalimia.

#22 Bin_Mvuvi
Upande wa Kenya na Uganda wapo wanaowakusanya hao wadudu, wanawakanda, wanakuwa kama mkate. Kwa hiyo swali jipya: nani anakula roho?

#23 Abuu_Kirumba
Assalaam alaykum. Naona mnachanganya na majini sasa, kuna mmoja kaniandikia faragha kwamba roho ya moto ndiyo jini. Hapana. Jini kaumbwa kwa moto, sawa, lakini haishi saa 12. Anazaliwa, anaoa, anazaa, anakufa kama sisi. Na chakula chake kimetajwa katika hadithi: mifupa iliyosomewa jina la Allah, na kinyesi ni chakula cha wanyama wao. Hakuna mkaa hapo.

Mchezo wenu chezeni, lakini hicho chenu kiiteni jina lingine.

#24 Dadu_ya_Bwiru
Waalaykum salaam sheikh. Ndiyo maana tumeandika "roho za asili", jini hatujamgusa.

#25 Bodaboda_Msomi
Mimi naona jibu liko mfukoni mwa aliyeita. Roho haina chake. Ulipoiita umekopa. Ile ni mikopo ya kausha damu tu: umepewa asubuhi, jioni wanataka, na usipokuwa nacho wanabeba televisheni. Roho inakula umri wa mwita, usingizi wake, hamu yake ya chakula. Ndiyo maana wachawi wa hadithi wote ni wembamba.

Kwa kanuni: kila pumzi inayotoka kwa roho, Dada_Mkaa arushe dadu. Akikosa, roho inavuta kwake. Uone kama atatembea na jiko tena.

Niliwahi kuingia kwenye hiyo mikopo kwa ajili ya tairi la nyuma. Elfu 80. Mpaka leo nikiona mtu kavaa shati jeupe na faili kwapani nageuza pikipiki.

#26 Pande20
Bodaboda #25, nimekupenda ila kuna tatizo. Kwenye ile Dungeons & Dragons ya 2014 mwita akivurugwa akili, kiumbe haondoki. Anabaki mpaka saa yake iishe, tena anakugeukia wewe uliyemwita. Kama wewe ndiye chakula chake, kukatika kwako kungemuua. Mle hakuna deni, kuna hasira.

Shadowrun ndiyo inakusogelea. Huko roho iliyobaki huru bila bwana haiwezi kukua nguvu kwa juhudi zake. Lazima binadamu aipe sehemu ya kile alichojifunza mwenyewe. Kwa hiyo inatafuta watu, inafanya biashara nao.

#27 Bodaboda_Msomi
Sasa "haiwezi kukua bila kupewa na binadamu" na "kausha damu" tofauti yake ni nini? Riba tu.

#28 Mtumishi_Nyegezi
Nilisema nimesema, lakini naona mnapotosha. Wagiriki wa zamani walikuwa na hoja kwamba roho zile zinanenepa kwa moshi wa sadaka. Tulisoma chuoni, kwenye historia ya kanisa, kwa sababu mababa wa kanisa waliitumia hoja hiyo kuwasema wapagani: miungu yenu inafukuzia harufu ya nyama!

#29 Chumba_cha_Vitabu
Mtumishi kumbe umo! Ni kweli. Na hata mpagani mwenyewe, Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3, aliandika kwamba roho za chini zinafurahia mvuke wa damu na moshi wa nyama, na miili yao ya hewa inanawiri kwa huo.

Sasa soma #1 tena. Roho ya Dada_Mkaa ilitoka wapi? Tanuri la KUBANIKA SANGARA. Miaka yote imenenepa kwa moshi wa mafuta ya samaki. Wewe umeiweka kwenye jiko lenye mkaa mtupu, kavu, bila hata kichwa cha sato. Njaa itaiua na mkaa upo. Jibu la swali la dada ndilo hili.

#30 Bin_Mvuvi
Aisee.

#31 Dada_Mkaa
Aisee kweli. Kwa hiyo nikiweka sangara juu ya jiko?

#32 Dadu_ya_Bwiru
Chumba_cha_Vitabu, nilikuwa karibu kushinda hii kesi.

#33 Chumba_cha_Vitabu
Naongeza kimoja kwa ajili ya wanaosema "roho za asili" kana kwamba neno lenyewe liko wazi. Mpango huu wa viumbe wanne, wa maji, hewa, udongo na moto, umetokana zaidi na Paracelsus, mganga wa Ulaya aliyefariki 1541, maandishi yake hayo yakachapwa 1566. Na yeye anasema hawa SI roho. Wana nyama na mifupa, wanakula, wanakunywa, wanavaa, wanalala. Wanachokosa ni nafsi tu, ndiyo maana wakifa wanakwisha kama mnyama. Kila mmoja asili yake kwake ni kama hewa kwetu: wa udongo anapita kwenye mwamba kama wewe unavyopita uani.

Njia yao ya kupata nafsi ni moja, na anaitaja hasa kwa wale wa kwenye maji: kuolewa na binadamu.

#34 Bodaboda_Msomi
Dada_Mkaa, mahari ya jiko ni ng'ombe wangapi?

#35 Dada_Mkaa
Ukoo wangu hawapokei mkaa.

#36 Nahodha_wa_Zamani
Nawasoma tangu asubuhi. Nimeendesha mashua ya tanga kabla ya injini kujaa kila mahali, kwa hiyo niwaambie kuhusu upepo, maana moto mmeumaliza.

Ziwa hili lina pepo mbili za kila siku. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani. Unatoka nao alfajiri bila kupiga kasia. Mchana nchi kavu inachemka, upepo unageuka, unatoka ziwani unakurudisha nyumbani. Katikati hapo, saa nne hivi asubuhi, kuna kipindi tanga linalegea kabisa. Maji yanakuwa kama mafuta. Tulikuwa tunakaa kimya, mmoja anatoa maji chomboni na kopo, mwingine anatafuna muhogo, na mzee aliyenifundisha alikuwa anasema, "Wa usiku kafa, wa mchana hajazaliwa."

Ule upepo ulikuwa unakula nini? Tofauti. Huku moto, kule baridi, ndipo upepo unaishi. Vikilingana, umekufa, hata kama hewa imejaa tele. Roho yenu ya moto ikikaa ndani ya tanuri la moto pande zote haiendi popote. Ipelekeni kwenye baridi, itaamka. Lakini hapo ndipo inapojimaliza pia, maana inaipasha baridi moto mpaka vinalingana.

#37 Ticha_wa_Sayansi
Mzee, shikamoo. Umefundisha kipindi changu chote cha muhula kwa aya moja. Na ndiyo maana radi za ziwani nyingi zinapiga usiku na alfajiri: pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda juu, mawingu yanajaa.

#38 Nahodha_wa_Zamani
Marahaba. Hizo radi ndizo zilizonifanya niwe wa zamani.

#39 Mgeni_Njiani
Basi roho ya ziwa lenyewe ndiyo kubwa kuliko zote, hiyo haifi. Ina miaka mamilioni. Wahaya wanaye Mugasha, mungu wao wa ziwa, muulizeni kama anakula.

#40 Ticha_wa_Sayansi
Mgeni leo si siku yako. Ziwa hili linakadiriwa kuwa na miaka kama 400,000, si mamilioni. Tena lilishakauka. Kama miaka 15,000 na ushei iliyopita hapa palikuwa nyasi, watafiti wameona kwenye tope la chini. Likajaa tena baadaye. Na hata leo, maji yanayoingia humu takriban asilimia 80 ni mvua inayodondokea juu ya ziwa lenyewe. Mito, pamoja na Kagera, inaleta kilichobaki. Na mengi yanaondoka kwa kugeuka mvuke, kidogo ndicho kinachotoka na Nile pale Jinja.

Kwa hiyo kama kuna roho ya ziwa katika mchezo wenu, inakula mvua na inaliwa na jua. Ni kubwa, lakini sahani yake si kubwa kuliko mdomo.

#41 Mgeni_Njiani
Sawa, lakini ziwa lilipokauka huyo Mugasha alikuwa wapi?

#42 Kiti_cha_Mbele
Hapo Mgeni umerudi mchezoni. Hilo ni swali.

#43 Abuu_Kirumba
Alikuwa amefukiwa kwenye majivu, muulizeni bibi wa Dada_Mkaa.

#44 Chumba_cha_Vitabu
Sheikh na yeye! Kwa wapenda hesabu: wapo waliowapigia viumbe hawa umri. Kuna beti za Kigiriki, Plutarch amezinukuu: kunguru anaishi vizazi 9 vya watu, paa dume mara 4 ya huyo kunguru, kunguru mweusi mkubwa mara 3 ya paa, yule ndege wa hadithi anayezaliwa upya mara 9 ya huyo, na binti wa kwenye maji mara 10 ya ndege. Zidisha.

#45 Bodaboda_Msomi
9 × 4 ni 36, × 3 ni 108, × 9 ni 972, × 10 ni 9,720. Kizazi kikiwa mwaka mmoja ni miaka 9,720. Kwa hiyo na wao wana tarehe ya mwisho, ila ndefu. Aliyezaliwa hapa pakiwa nyasi asingefika leo.

#46 Mama_Dagaa
Miaka 9,720 na saa 12 ni kitu kimoja ukilitazama ziwa linavyokauka na kurudi. Mdudu wangu bado hajajibiwa na mtu. Mmeleta Wagiriki, mmeleta mikopo, hakuna aliyeniambia kwa nini mwenye tumbo lililojaa ahangaikiwe chakula.

#47 Dada_Mkaa
Mama shikamoo. Nikujibu mimi: mdudu wako anakufa baada ya kutaga. Na roho yangu sijairuhusu itage. Kama kazi yake haijaisha, kwa nini ife?

#48 Mama_Dagaa
Marahaba. Umewahi kuwaona waliopotea njia wakaingia chumbani kwenye taa? Hawajataga hao. Asubuhi wako chini vile vile.

#49 Bin_Mvuvi
Mtaniruhusu nichepuke. Mimi nazionea huruma roho za karabai. Zamani kila mtumbwi wa dagaa una karabai tatu nne, ziwa usiku linawaka kama mji wa pili. Baba alikuwa na moja aliyoipenda, akiipampu anaisemesha, "Haya mama, amka." Kikitoboka kile kisoksi chake cha kutolea mwanga hakuna kazi usiku huo, ukikigusa tu kinavunjika kama unga. Sasa hivi taa za sola kila mahali. Zile roho zote zimekosa ajira, zinakula nini?

#50 Nahodha_wa_Zamani
Kisoksi kilikuwa kinateketea kwanza ndipo kinatoa mwanga. Kipya hakikuwaka mpaka ukiunguze kiwe majivu. Kijana, andika hiyo kwenye kauntabuku.

#51 Dadu_ya_Bwiru
Nimeandika mpaka kauntabuku imejaa. Hapa nilipo nina kanuni tano zinazopigana: ya Mama kwamba imekuja na tumbo lake, ya moshi wa samaki, ya Nahodha ya tofauti ya joto, ya kausha damu, na ya majivu. Wachezaji wangu ni wanne na kila mmoja kanitumia ujumbe anaitaka tofauti. Nitaenda nazo zote, dadu itaamua.

#52 Pande20
Usisahau mrejesho mkuu. Watu wanapotea na nyuzi zao.

#53 Dadu_ya_Bwiru
Mrejesho, Jumapili asubuhi, nina usingizi.

Dada_Mkaa alikuja kweli na kigae. Na jiko. Na sangara wa kilo moja na nusu amempasua, amempaka chumvi na ndimu. Akawasha jiko uani kwangu saa kumi na mbili, akasema anaonyesha ushahidi. Mafuta yakaanza kudondoka kwenye makaa, moshi ukapanda, kila tone mwali unaruka juu. Akanitazama hivi bila kusema neno. Majirani watatu wakaingia kusalimia, hawakuondoka.

Mezani: nikamkubalia moshi wa samaki, pumzi zikarudi mpaka 7. Halafu mwenzake akadai kanuni ya kausha damu, dada akarusha dadu, akapata 1. Mhusika wake kapoteza usingizi wa siku tatu. Mwishoni roho ikabaki na pumzi 1, akaifukia kwenye majivu. Nikafunga kauntabuku.

#54 Mtumishi_Nyegezi
Kwa hiyo imekufa au haijafa?

#55 Dada_Mkaa
Imelala.

#56 Mama_Dagaa
Imekufa, mwanangu. Halafu mwezi mchanga ni wiki hii, fungeni madirisha mapema. Na huyo sangara wa kilo moja na nusu umenunua shilingi ngapi, maana mimi nauziwa bei ya ajabu.

#57 Dada_Mkaa
Nakuja faragha, Mama.